Si kila ua la uani ni la kinywani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua ili tujibu swali ambalo sisi wenye vitalu vya maua hapa Tanga tunaulizwa kila mara na wazazi, na walimu wa chekechea, na siku hizi zaidi na wapambaji wa keki: mbochi, ule utamu unaofyonzwa kwenye kitako cha ua, inalika au ina madhara?

Tone la iksora, au la hibiskasi iliyooteshwa nyumbani bila kupigwa dawa, halina neno. Tone la oleanda halipo kabisa, maana oleanda haitoi mbochi, na mtoto anayelifyonza ua lake anaambulia utomvu mtupu, nao utomvu huo ni sumu ya moyo. Kati ya hayo mawili ndipo ilipo bustani nzima ya mtaa wetu wa Raskazone, na ndipo watu wanapochanganya mambo.

Kula ua si jambo geni pwani. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka, zafarani ni nyuzi za katikati ya ua, na maji ya waridi yametiwa kwenye halua tangu zama. Tofauti ni kwamba hayo yote yana jina, yana muuzaji, na yanajulikana. Ua la bustani limepandwa lipendeze macho, na aliyelipanda hakuwaza kwamba kuna mtu atalitia mdomoni.

Mbochi yenyewe ni maji na sukari: sukrosi, glukosi na fruktosi, pamoja na chumvichumvi na chembe za harufu. Sukari inaweza kuwa asilimia 10 tu, inaweza kupita 50, kutegemea aina ya ua na saa ya siku. Alfajiri mbochi ni nyepesi. Saa nane mchana jua limeshavukiza maji na kilichobaki kinanata. Kiasi chake ndani ya ua moja ni kidogo mno. Ua likitoa mikrolita 5, utahitaji maua 1,000 kujaza kijiko kimoja cha chai. Wanaotuuliza namna ya kukamua chupa ya mbochi kwa ajili ya sharubati tunawaelekeza kwa mfuga nyuki, kwani asali ndiyo mbochi iliyokwisha kukusanywa, ikapunguzwa maji mpaka chini ya asilimia 20, na ndiyo maana haiozi. Mbochi mbichi huharibika. Hamira ya porini huletwa na miguu ya nyuki na sisimizi, na ua lililofunguka jana, kwa joto letu hili, huenda limeshaanza kuchacha.

Hoja tunayoisikia mno ni hii: mbona chozi, yule ndege mdogo, anakunywa? Chozi hutumbukiza mdomo wake kwenye kila ua la uani asubuhi hadi jioni na hafi, basi na mtoto hatakufa. Hoja hiyo haisimami. Mwili wa ndege si wa mtu, na wa mdudu ndiyo kabisa. Huko Uturuki, upande wa Bahari Nyeusi, nyuki hukusanya mbochi ya rododendroni na hawadhuriki, lakini asali yake humshusha mtu shinikizo la damu na mapigo ya moyo mpaka akashindwa kusimama. Askari wa Kigiriki waliopita huko yapata mwaka 400 KK waliila, wakatapika na kulala chini kama walevi, na ilichukua siku kadhaa kurudiwa na nguvu. Rododendroni haioti pwani yetu, kwa hiyo asali ya Tanga isiogopwe kwa sababu hiyo. Tunachosema ni kwamba nyuki na chozi si wapima chakula wa binadamu.

Iksora ndiyo rahisi kuliko zote. Ni kile kichaka kinachokatwa kiwe ukuta mfupi mbele ya nyumba, chenye mafungu ya maua membamba mekundu, ya chungwa au ya njano, kila ua lina mrija mrefu na petali nne. Ni jamii moja na mbuni, mti wa kahawa. Chuma ua moja pamoja na kitako chake cha kijani. Shika kitako kwa kucha mbili, ukivute polepole kitoke kwenye mrija. Kijiti chembamba cha katikati kitafuatana nacho, kikikwangua mrija kwa ndani, na tone dogo kuliko kichwa cha pini litatokeza kwenye tundu la chini. Hilo ndilo la kulamba. Ukivuta kwa pupa kijiti hukatika na tone hubaki ndani. Hapo ndipo watoto huanza kutafuna ua zima, na pamoja nalo vumbi na chochote kilichopuliziwa juu yake.

Hibiskasi ni ndugu wa bamia na wa rozela, na ukilitafuna ua lake utautambua ute uleule. Petali zake zinaliwa. Mbochi hukaa chini kabisa, ndani ya kikombe cha kijani kinachoshika petali, na hapo hapo ndipo sisimizi hupenda kujificha. Lichane ua kwa urefu kabla ya kulifyonza. Lile bomba la katikati lenye vichwa vya njano ndilo lenye chavua; mwenye pumu au mzio wa vumbi la maua alitoe alitupe. Ua la mgomba nalo halina tatizo: ukiinua jani moja la zambarau, utakuta chini yake safu ya vijiua vyenye mbochi nzito kama jeli. Tahadhari yake ni ya nguo tu, maana utomvu wa mgomba ukishagusa kanzu nyeupe hautoki. Bogenvilia ipiteni; rangi mnayoiona si ua bali majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kijitarumbeta cheupe cha katikati, chembamba kiasi kwamba hakina cha kufaidi.

Sasa tuje kwenye jamii inayotutia hofu. Alamanda, oleanda, oleanda ya njano, franjipani, waridi la jangwani na kile kichaka kifupi cha maua meupe au ya waridi yenye jicho jekundu, kinachoota hata kwenye mchanga mkavu wa makaburini, yote ni mimea ya ukoo mmoja. Ni ukoo wenye utomvu. Ukikata kikonyo cha franjipani unaona maziwa yakichuruzika. Lakini msitegemee kuona weupe peke yake, kwa sababu utomvu wa oleanda mara nyingi ni mwepesi kama maji. Ua likichumwa, mishipa ya utomvu hukatika palepale kwenye kitako, yaani mahali hasa ambapo mtoto anaweka midomo yake.

Oleanda na oleanda ya njano zina sumu zinazofanya kazi sawa na digoksini, dawa ambayo madaktari huwapa wagonjwa wa moyo kwa vipimo vidogo sana. Zinavuruga namna chembe za moyo zinavyopitisha chumvi za sodiamu na potasiamu. Mtu huanza kwa kichefuchefu, kutapika, tumbo na kuhara, kisha mapigo hupungua au hurukaruka. Kuchemsha hakuiondoi sumu, kukausha hakuiondoi, na fito zake hazifai kuchomea mishikaki wala kuwashia moto wa kupikia. Oleanda ya njano, ile yenye maua kama faneli na majani membamba yanayong'aa, hatari yake kubwa zaidi iko kwenye mbegu. Huko Sri Lanka zimeua watu wengi. Waridi la jangwani, lenye shina nono kama chupa ambalo watu hulipanda kwenye vyungu vya barazani, ni mti ambao utomvu wake umetumiwa Afrika Mashariki kupaka mishale ya kuwindia. Alamanda ni nafuu kidogo, ila jina lake la kisayansi, Allamanda cathartica, limetokana na neno la kuharisha, na halikupewa kwa mzaha. Kile kichaka cha makaburini, Catharanthus roseus, ndicho kilichowapa madaktari vinkristini na vinblastini, dawa za saratani. Wapo wanaosikia hivyo wakadhani basi kukitafuna ni tiba. Dawa inayozuia chembe za saratani zisigawanyike huzuia na chembe nzima, ndiyo maana hospitali huipima kwa miligramu.

Franjipani tumeitaja, na inastahili neno la ziada kwa sababu ndiyo watu wanayoiamini mno kwa harufu yake. Haina mbochi. Harufu ile ya wakati wa magharibi ni hila ya kuwavuta nondo wakubwa, waingie wakitafuta kinywaji wasichokikuta, na wakitoka wawe wamebeba chavua. Oleanda nayo huwahadaa wadudu vivyo hivyo. Kwa hiyo anayesema amefyonza mbochi ya franjipani ikawa chungu, alichoonja ni utomvu, ambao huwasha midomo na kuvimbisha ngozi laini. Hata lile ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo Baroni von Saint Paul, mtawala wa Kijerumani wa enzi za ukoloni, alilipeleka Ujerumani mwaka 1892 na leo limejaa kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya, halina mbochi. Wadudu huliendea chavua. Hilo angalau halina sumu. Mkoa wetu umetoa pambo la dunia ambalo hapa mjini Tanga wengi hawalijui hata kwa sura, lakini hayo ni ya barua nyingine.

Walioko Lushoto na sehemu za baridi wana jambo lao: miti ya tarumbeta, yenye maua makubwa meupe, ya njano au ya waridi yanayoning'inia kichwa chini. Ni jamaa wa karibu wa mnanaha. Hapa hakuna cha kutenganisha mbochi na ua, kwani mti mzima una sumu, na mbochi imo. Watoto wameumwa kwa kufyonza kitako tu. Dalili zake ni tofauti kabisa na za oleanda: mdomo mkavu, ngozi ya moto na nyekundu, mboni za macho kupanuka, mkojo kuziba, na mtoto kuongea na watu wasiokuwepo. Wengine huchelewa hospitali kwa kudhani ni mambo ya mapepo. Hata mtunza bustani anayepogoa mti huo kisha akajipangusa jicho moja anaweza kujikuta mboni moja ni kubwa kuliko nyingine kwa siku nzima au zaidi, jambo linaloweza kumfanya daktari atafute ugonjwa wa ubongo. Vaeni glavu, na mumwambie daktari mlichokuwa mnakata.

Kuhusu asumini: ile ya vikuba, yenye ua jeupe dogo linalochumwa jioni kabla halijafunguka, ni salama na inatiwa kwenye chai. Lakini kuna kichaka kingine kinachouzwa kwa jina la asumini ya usiku, chenye vimirija vya kijani-manjano visivyovutia na harufu inayoumiza kichwa usiku. Hicho ni wa ukoo wa mnanaha, na matunda yake meupe ni sumu. Jina moja, mimea miwili. Lantana nayo watoto huichezea. Ubaya wake mkubwa uko kwenye majani na matunda mabichi.

Tumesema juu ya mti. Tuseme juu ya bomba la dawa, na hapa tunajisema wenyewe. Hibiskasi ni salama kwa asili yake, na ndiyo inayopigwa dawa kuliko karibu kila ua kitaluni, kwa sababu vidung'ata, vidukari na inzi weupe hawaiachi. Dawa ziko za namna mbili. Zipo zinazobaki juu ya jani na petali, na mvua au maji huzipunguza. Zipo zinazonyonywa na mizizi zikapanda ndani ya mti, kama imidaklopridi na thiametoksamu; hizo hufika hadi kwenye chavua na mbochi, na hakuna kuosha kunakoziondoa. Imidaklopridi inaweza kukaa udongoni miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mashambani mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Tone moja lenye mabaki hayo halitamwangusha mtu mzima, tusitishane. Kinachotusumbua ni kwamba dawa ya mboga ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko, ilhali kwa maua ya mapambo hakuna aliyezipima, kwa kuwa hakuna aliyetarajia yataliwa. Anayekula petali kumi za chungu alichokinunua jana anakula bila kipimo.

Njia ya kulikwepa hilo ni rahisi. Usifyonze wala kula ua la mche wa kununua. Kata pingili ya iksora au hibiskasi yenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, ondoa majani ya chini na maua yote, ifukie theluthi moja kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, na uweke unyevu. Hibiskasi hutoa mizizi ndani ya wiki nne hadi nane. Iksora huchelewa na nyingi huoza, hasa ukimwagilia mpaka mchanga ukawa tope, kwa hiyo otesha kumi upate tatu au nne. Maua yaliyochanua kwenye mche wako mwenyewe, katika udongo wako, ndiyo ya kuamini. Wadudu wakija, yeyusha vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya kawaida ya maji kwenye lita 4 za maji, pulizia jioni chini ya majani, rudia kila baada ya siku tano hadi saba. Usitumie sabuni yenye dawa ya kung'arisha nguo, itaunguza majani. Vidung'ata vina nta mgongoni, kwa hiyo wasugue kwanza kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, la sivyo dawa itateleza juu yao.

Tunawaomba hasa wapambaji wa sherehe. Franjipani na alamanda zinachomekwa kwenye keki za harusi kikonyo kikiwa kimekatwa, na maziwa yake yanazama kwenye krimu nyeupe bila kuonekana. Tumeona pia oleanda ya waridi ikielea kwenye madumu ya juisi katika picha za matangazo. Kama ni lazima maua hayo yaonekane, yawekwe mezani kando ya sinia, yasiguse chakula. La kugusa keki liwe hibiskasi, asumini au waridi la nyumbani. Waridi la kukatwa, lile la shada linalotoka mashamba makubwa ya biashara, lina dawa za ukungu na wadudu na halifai kuliwa hata likioshwa. Kwa waridi la nyumbani, ng'oa petali, kata kile kipande cheupe cha chini ambacho ni kichungu, zitikise kwenye maji baridi, zikaushe juu ya kitambaa, zipachikwe saa ya mwisho. Zikikaa zaidi ya saa mbili tatu kwenye joto, hulegea na kuacha rangi.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe mbochi wala asali ya aina yoyote. Vijidudu vya botulizimu hukaa vumbini vikiwa vimelala, na utumbo wa mtoto mchanga haujapata nguvu ya kuvizuia visiamke.

Mtu akishakula ua msilolijua, mtoeni vipande mdomoni, asukutue na kutema, mikono ioshwe kwa sabuni. Utomvu ukiingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20. Msimtapishe, na maji ya chumvi ndiyo mabaya zaidi. Maziwa hayavunji sumu hizi, wala mkaa wa jikoni uliotwangwa haufanyi kazi ya ule wa hospitali. Chukueni tawi lenye jani na ua, mkumbuke saa aliyokula, na mwende kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Bombo. Kama ni oleanda, msirudi nyumbani kwa sababu tu ametapika na kuchangamka. Moyo unaweza kuvurugika saa kadhaa baadaye, na ndiyo maana mgonjwa hukaa chini ya uangalizi na kupimwa umeme wa moyo.

Kwa wenzetu wenye vitalu, kuanzia Chumbageni hadi barabara ya Pangani, tuna pendekezo. Kila chungu kiandikwe mambo mawili kwa wino usiofutika: jina la mti, na tarehe ya mwisho ya kupigwa dawa pamoja na jina la dawa hiyo. Vyungu vya ukoo wa utomvu na vya tarumbeta vitiwe nukta moja ya rangi nyekundu ukingoni, upande wa mbele, ili hata mteja asiyejua kusoma aulize nukta hiyo ni ya nini.

Wenye vitalu na wafuga nyuki,
Raskazone, Tanga